Maswali ya Wasomaji: Magari ya Spoti ya Zamani na Bodi Pana za Kijapani

Katika toleo lililopita tulichapisha picha ya Porsche 911 ya zamani ambayo madigadi zake za nyuma zilikuwa zimetokeza nje ya milango kwa upana wa kiganja, na barua zilizofuata ni nyingi kuliko nafasi tuliyopewa. Maswali yaliyofanana nimeyaunganisha. Yaliyouliza bei nimeyaacha kwa makusudi, kwa sababu bei ya kazi ya namna hii hubadilika kwa gari, kwa nchi na kwa mfuko wa mwenye gari.

SWALI (fundi wa bodi, Tanga): Shikamoo mwalimu. Katika picha ile niliona vichwa vya skrubu vimejipanga waziwazi juu ya madigadi, kana kwamba fundi alisahau kuvificha. Kijana wangu wa gereji akiniletea kazi kama ile nitamwambia aibandue aanze upya. Ni nani aliyeifanya, na kwa nini inasifiwa?

JIBU: Marahaba. Gari lile ni kazi ya Akira Nakai, fundi wa Kijapani mwenye gereji iitwayo RAUH-Welt BEGRIFF, wengi wakiifupisha kuwa RWB, iliyoko Kashiwa katika mkoa wa Chiba, jirani na Tokyo. Kabla ya kushika Porsche, Nakai alikuwa kijana wa kuteleza, yaani kuliserereshea gari ubavu kwenye kona kwa makusudi, na Toyota Corolla AE86 pamoja na kikundi cha wenzake kilichojulikana kama Rough World, na asili hiyo inaonekana katika mikono yake mpaka leo. Katika michezo ya kuteleza bampa huvunjika, madigadi hukwaruzwa ukutani, na kinachotakiwa ni kipande kinachofunguka haraka na kurudishwa haraka. Siku hizi anashughulika hasa na 911 zenye injini ya kupozwa kwa hewa, yaani matoleo yanayojulikana kama 930, 964 na 993, lakini mazoea ya AE86 hayakumtoka.

Utaratibu wake utakuvutia wewe kuliko msomaji mwingine yeyote. Mteja, awe Bangkok au California, huagiza vipande vya bodi na kuvipokea kwa meli au ndege. Mara nyingi huvipaka rangi pamoja na gari lenyewe, kisha humsubiri Nakai asafiri kwa mikono yake, kwa kuwa kazi ya kukata na kufunga hamwachii mtu mwingine. Akifika huishika madigadi ya faiba juu ya ile ya chuma, huitazama kwa kurudi nyuma hatua kadhaa, hubandika tepu, huweka alama, kisha hukata chuma kwa msumeno wa upepo kwa kufuata jicho tu. Tafakari wewe uliyezoea kukata kwanza na kupaka rangi mwisho: hapa rangi imekwisha kukauka na kung'aa, na msumeno ukiteleza kidogo tu, mwenye gari anasimama pembeni akiona.

Baada ya kufunga skrubu huja hatua ambayo kwangu mimi ndiyo sahihi yake. Hubandika tepu pande mbili za kiungo kati ya faiba na chuma, akiacha uwazi mwembamba, hukamulia humo gundi nyeusi ya kuzibia, kisha hupitisha kidole kutoka mwanzo wa madigadi hadi mwisho wake bila kukinyanyua njiani. Tepu ikibanduliwa hubaki ukanda mweusi ulio sawa, unaozuia maji na wakati huohuo unaotenganisha kwa macho kipande kilichoongezwa na gari la asili. Kidole kikisita, alama ya kusita hubaki.

Sasa tuje kwenye skrubu zako. Katika magari ya mbio ya miaka ya 1970 madigadi zilizoongezwa zilifungwa kwa ribiti au skrubu zilizoonekana, kwa sababu kipande kilichovunjika ilibidi kitolewe na kingine kiwekwe kabla ya mbio zinazofuata, na hakuna aliyekuwa na muda wa kuficha kiungo kwa puti. Nakai anauendeleza mtindo huo, tena si kwa pambo peke yake, kwani yeye na wateja wake hushiriki mbio za Idlers za saa 12 katika uwanja wa Motegi, ambako magari yao huendeshwa kwelikweli. Kwa hiyo kabla hujambandulia kijana wako kazi, pima umbali kati ya skrubu na skrubu, na uangalie kama zote zimezama kwa kina kimoja. Zikiwa sawa, amefanya kwa makusudi, zikiyumba, mrudishe.

SWALI (Arusha): Baba yangu, aliyekuwa shabiki mkubwa wa mbio za Safari, anasema Wajapani walijifunza kutanua bodi kutoka kwa Wajerumani. Rafiki yangu anasema ni Wajapani walioanza. Tuamulie.

JIBU: Mzee ana haki kwa upande wa Porsche, na rafiki yako ana haki kwa upande wa Datsun, jina walilolitumia Nissan kwa magari yao mengi ya wakati huo, na wote wawili wanazungumzia sababu moja.

Sababu yenyewe ni tairi. Gari la mbio likiongezewa nguvu hulihitaji tairi pana zaidi ili nguvu hiyo ifike barabarani, na kanuni za mbio zilitaka tairi lifunikwe na bodi likitazamwa kutoka juu. Tairi likitoka nje, bodi lazima ilifuate. Porsche walifanya hivyo katika Carrera RSR ya mwaka 1973, kisha katika 934 na 935, magari yaliyoanza mashindano mwaka 1976. Kanuni za Kundi la 5, daraja la mbio la magari yaliyotokana na ya kawaida, za wakati huo ziliruhusu madigadi zibadilishwe karibu upendavyo, mradi milango, paa na boneti viendelee kulitambulisha gari la kawaida. Ndiyo maana 935 ilionekana kama 911 iliyovaa mabega ya gari jingine.

Huko Japani safari ilikwisha kuanza. Nissan Skyline GT-R ya kwanza ilitoka mwaka 1969 ikiwa na milango minne, na mwaka uliofuata ikatoka ya milango miwili, yenye madigadi za kuongezea za nyuma zilizofungwa tangu kiwandani. Skyline ya kawaida ya kizazi kile ilikuwa na mkunjo mrefu ubavuni uliopita juu ya gurudumu la nyuma, na kwenye GT-R mkunjo huo ulikatwa ili tairi pana lipate nafasi. Mpaka leo mnunuzi mjuzi huanza kwa kuutazama mkunjo huo kabla hajafungua boneti. Mwaka 1971 Nissan wakatoa Fairlady 240ZG kwa soko la nyumbani, ikiwa na pua ndefu na madigadi nne za kuongezea zilizofungwa kwa skrubu za kuonekana, na upana wake ukapanda kutoka milimita 1,630 za Fairlady ya kawaida hadi 1,690. Toyota nao mwaka 1972 wakatoa Corolla Levin, ile iitwayo TE27, ikiwa na madigadi za namna hiyohiyo na injini ya lita 1.6. Tena GT-R ya kizazi cha pili, ya mwaka 1973, ambayo zilitengenezwa 197 tu, ilizivaa pande zote nne. Kwa hiyo Mjapani anayeongeza madigadi za skrubu kwenye gari la zamani hafanyi jambo geni. Analirudia jambo ambalo viwanda vya kwao vilikwisha kulifanya.

Kisha kukaja mbio ambazo ndizo zilizowachoma vijana moyo. Kuanzia mwaka 1979 hadi 1984 uwanja wa Fuji uliandaa mbio za magari ya Kundi la 5, Wajapani wakiziita Super Silhouette, ambamo Bluebird, Silvia na Skyline za Nissan zilishindana zikiwa na bampa za mbele zilizolamba lami, spoila za nyuma pana kama meza na bomba la moshi lililotokea ubavuni likitema moto. Skyline nyekundu na nyeusi ya mwaka 1982 iliyoendeshwa na Masahiro Hasemi ilikuwa na injini ya silinda nne yenye turbo, ya lita 2.1 hivi, iliyotoa nguvu za farasi takribani 570. Vijana waliotoka kutazama mbio zile walirudi nyumbani wakaanza kukata magari yao ya mtaani yafanane nayo, wakazidisha kila kitu: pua ndefu zaidi, bomba refu zaidi, rangi kali zaidi. Polisi hawakupendezwa, na kwa haki, maana wengi wa vijana hao walikuwa wakisumbua barabara usiku. Lakini ladha hiyo ya mtaani ndiyo iliyowalea baadhi ya mafundi tunaowasifu leo.

Mwambie mzee pia kwamba Datsun 240Z zilizoshinda Safari mwaka 1971, zikiongozwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller, na mwaka 1973 kwa mkono wa Shekhar Mehta, hazikuhitaji mabega hayo. Katika tope la Afrika Mashariki tairi jembamba hukata hadi kufikia udongo mgumu, ilhali tairi pana huelea juu ya tope na kuteleza. Gari lilelile, chini ya kanuni za barabara nyingine, lingetaka bodi nyingine.

SWALI (Mwanza): Nimesikia majina ya RWB, Liberty Walk na Rocket Bunny. Je, ni kampuni moja yenye majina matatu?

JIBU: Hapana, ni watu watatu wenye tabia tatu. Nakai nimekwisha kumweleza. Liberty Walk ni ya Wataru Kato, wa mkoa wa Aichi karibu na Nagoya, aliyeianzisha mwaka 1993 na kujulikana duniani kwa kuthubutu kukata madigadi za Lamborghini na Ferrari na kufunga juu yake vipande vyenye ribiti za kuonekana, kwa ladha ileile ya mtaani niliyoieleza hapo juu. Katika maonyesho ya Tokyo Auto Salon ya Januari 2023 alileta Ferrari F40 iliyotanuliwa, na watu waliogawanyika juu ya jambo hilo hawajapatana mpaka sasa. Rocket Bunny, pamoja na jina la Pandem, ni kazi ya Kei Miura wa Kyoto. Yeye hulipima gari kwa mashine ya kuskani, huchora madigadi kwenye kompyuta, kisha mashine huchonga umbo la kwanza, ndiyo maana vipande vyake hukaa mahali pake bila ugomvi mwingi na fundi anayevifunga. Kama unafunga mwenyewe na gereji yako haina mashine kubwa, vipande vya Miura vitakusumbua kidogo kuliko vingine; hilo ni oni langu, wala sijalipwa kulisema.

SWALI (Nairobi): Japani wanasifika kwa sheria kali na ukaguzi wa magari. Inawezekanaje gari lililokatwa namna ile lipewe ruhusa ya barabarani? Na je, naweza kuagiza moja lililokwisha kutanuliwa nikaliendesha huku kwetu Kenya?

JIBU: Watu wengi hudhani kwamba magari haya huendeshwa kwa kujificha. Yapo yanayojificha, lakini kazi inayofanywa vizuri huandikishwa, na huwezi kuielewa Japani bila kuelewa karatasi zake.

Gari binafsi jipya hukaguliwa baada ya miaka mitatu, na baada ya hapo kila miaka miwili. Cheti cha gari huandika urefu, upana na kimo chake. Upana ukibadilika kwa sentimita 2 au chini yake, hilo huvumiliwa. Ukizidi hapo, mwenye gari hulipeleka gari likapimwe upya na cheti kiandikwe vipimo vipya. Angalia kwamba sentimita 2 ni za gari zima, kwa hiyo ni sentimita 1 tu kila upande, na madigadi za RWB huzipita mbali. Mpaka mwaka 1995 marekebisho mengi madogo yalidai kibali chake. Mwaka huo serikali ililegeza kanuni, na biashara ya vipuri vya mapambo na mbio ikapata pumzi mpya.

Kuna jambo jingine ambalo mtu wa nje haligundui upesi. Namba za magari za Japani hubeba daraja la gari. Gari dogo, ambalo namba ya daraja lake huanza na 5, halipaswi kuzidi upana wa mita 1.70, urefu wa mita 4.70, kimo cha mita 2.00, wala injini ya petroli ya sentimita za ujazo 2,000. Ukizidi kimoja tu kati ya hivyo, daraja hupanda na namba huanza na 3. Kwa hiyo Skyline ya zamani ya lita 2 iliyotanuliwa hadi mita 1.78 ikaandikishwa kihalali hupoteza namba yake ya zamani ya 5 na kupewa ya 3. Zamani hilo lilikuwa na uchungu mfukoni, kwani kabla ya mageuzi ya kodi ya mwaka 1989 daraja hilo lilitozwa kodi kubwa ya mwaka. Siku hizi kodi hiyo hufuata ukubwa wa injini. Uchungu uliobaki ni wa moyo: wapo wapenzi wa magari ya kale wanaothamini bamba la namba la awali sawa na gari lenyewe.

Tairi nalo lina kanuni yake. Sehemu ya juu ya gurudumu, kuanzia nyuzi 30 mbele ya kitovu hadi nyuzi 50 nyuma yake, haitakiwi kutokeza nje ya madigadi. Tangu mwaka 2017 ubavu wa tairi peke yake umeruhusiwa kutokeza kwa chini ya milimita 10, lakini rimu na nati zake hapana. Hapo utaona kwamba mwenye tairi pana analazimishwa na sheria atanue madigadi, na mwenye madigadi pana analazimishwa aandikishe upana mpya. Mlolongo ni mgumu, lakini una njia ya kupita.

Kwa upande wa Kenya jibu ni fupi nalo halitakufurahisha. Gari la kuagizwa halipaswi kuzidi miaka minane tangu liandikishwe mara ya kwanza, na usukani wake sharti uwe kulia. Porsche ya mwaka 1990 imepitwa na kanuni ya umri, na nyingi zilizoko Japani zina usukani wa kushoto, kwani matajiri wa kule kwa muda mrefu waliona usukani wa kushoto kuwa ndiyo alama ya gari la Ulaya. Uganda ilifunga mlango kwa magari yenye miaka 15 na zaidi mwaka 2018. Tanzania haikufunga mlango kwa namna hiyo, ila gari kuukuu hutozwa ushuru wa ziada. Kinachobaki kwako ni gari la kale ambalo tayari limo nchini, na hayo si machache; Datsun na Corolla za miaka ya 1970 bado zimo katika nyua za watu.

SWALI (Maskati): Mimi ni mzaliwa wa Zanzibar ninayeishi Oman. Nina Porsche 993 ya mwaka 1996, rangi ya asili, haijawahi kugongwa. Wanangu wananisihi niikate kwa mtindo wa RWB. Unanishauri vipi?

JIBU: Usiikate, mzee wangu.

Nieleze kidogo ili wanao wasinione mkorofi. 993 ilimalizika kutengenezwa mwaka 1998, nayo ndiyo 911 ya mwisho yenye injini ya kupozwa kwa hewa. Idadi yake haiongezeki. Madigadi ya nyuma ya 911 si kipande cha kufungua kwa spana. Ni sehemu ya ubavu wa gari uliochomelewa, kwa hiyo likikatwa tao la juu ya gurudumu, hakuna kurudi nyuma isipokuwa kwa kununua ubavu mwingine na kuuchomelea, na mnunuzi wa kesho atauona uchomeleaji huo. Wapo watakaokuambia kwamba gari lililotanuliwa na Nakai mwenyewe hupata soko lake, na ni kweli; lakini soko hilo hufuata mitindo, ilhali soko la 993 iliyobaki kama ilivyozaliwa halijawahi kukosa watu.

Kama vijana wanalitaka jambo hili kwa dhati, watafute 964 au 930 iliyokwisha kugongwa, au iliyoliwa na kutu kwenye matao, au iliyopakwa rangi mara tatu na wamiliki wasiojali. Gari kama hilo hulipotezei chochote kwa kulikata, pengine unaliokoa. Mimi ndivyo ninavyopima kazi hizi zote: najiuliza kilichotupwa kwenye pipa la chakavu kilikuwa na thamani gani kabla msumeno haujakifikia. Kwenye gari la wanao kitakuwa kutu. Kwenye gari lako kitakuwa chuma kizima chenye rangi ya kiwandani.

SWALI (fundi kijana, Dar es Salaam): Kaka, nina Toyota Mark II ya zamani, inayosukumwa na magurudumu ya nyuma, nataka kuitanulia bodi kwa faiba ninayomimina mwenyewe. Wazee wa gereji wananiambia kwamba bodi pana hulifanya gari kushika barabara vizuri zaidi. Je, ni kweli? Na nizingatie nini katika kukata?

JIBU: Wazee wako wamesema nusu. Bodi haishiki barabara. Kinachoshika ni tairi na umbali kati ya tairi la kushoto na la kulia. Gari likipiga kona, uzito huhama kutoka magurudumu ya ndani kwenda ya nje, na kiasi kinachohama hupungua kadiri umbali huo unavyoongezeka. Ukiwa na mita 1.40 ukaufikisha mita 1.54, yaani umeongeza sehemu moja ya kumi, uzito unaohama hupungua kwa asilimia 9 hivi, na tairi zote nne hugawana kazi kwa usawa zaidi. Hiyo ni faida ya kweli. Lakini ukifunga madigadi pana na kuliacha gurudumu lilelile ndani yake, umeongeza uzito na upana wa kukamatwa na upepo, basi.

Hasara nazo zipo, tena za mbele ni kubwa kuliko za nyuma. Gurudumu likisogezwa nje kwa sentimita 4, beringi hubeba mzigo kwa mkono mrefu zaidi na huchakaa mapema. Kwa mbele, mstari ambao gurudumu huzungukia linapokata kona hufika barabarani mbali zaidi na katikati ya tairi, hivyo kila shimo utalisikia kwenye usukani, na ukifunga breki upande mmoja ukiwa kwenye mchanga gari litavuta upande. Kwa barabara zako, panua nyuma kwa kadiri unavyotaka, mbele kwa kiasi. Tena chagua rimu yenye upana uliokusudiwa. Kubandika spesa nene kati ya rimu na ekseli ili kujaza nafasi ni kujitafutia boliti zilizokatika.

Sasa kukata. Tao la nyuma lina ngozi mbili za chuma, ya nje unayoiona na ya ndani inayozunguka gurudumu, na zimeungana ukingoni kwa nukta za kuchomelea. Ukikata juu ya muungano huo umeziachanisha, na kati yake umefungua mfuko mrefu unaoingia ndani hadi kwenye buti. Hapo ndipo kazi nyingi za haraka huharibika: fundi hufunika mfuko huo kwa faiba, hupiga rangi, mteja huondoka anacheka, na baada ya mvua za masika mbili buti lina maji na ubavu unatoa kutu kutoka ndani. Kabla ya kukata, ondoa zulia na kila waya ulioko upande wa pili, na uangalie bomba la kujazia mafuta lilipopita. Kata ngozi ya nje kwanza. Ya ndani ichane kwa vipande kama meno ya msumeno, uikunje kwa nyundo kidogo kidogo mpaka iifikie ya nje, kisha uchomelee mzunguko wote usiache tundu, ukisogea huku na huku ili joto lisiipinde bodi. Piga rangi ya kuzuia kutu pande zote mbili, kisha gundi ya kuzibia juu ya mshono. Hapo tu ndipo faiba ipate haki ya kuja.

Kabla ya kukata hata milimita moja, toa springi, acha shokapu na mikono yake, kisha inua gurudumu kwa jeki mpaka mwisho wa mwendo wake. Hapo ndipo utakapojua tao linatakiwa liwe juu kiasi gani. Kwa mbele fanya vivyo hivyo huku usukani ukizungushwa mpaka mwisho wa kushoto na mwisho wa kulia. Nimeona magari mengi yaliyopimwa yakiwa yamesimama tuli kwenye sakafu ya gereji, yakatoka barabarani na kukata tairi zake kwenye tuta la kwanza.

Kuhusu faiba unayomimina mwenyewe, ukingo unaopokea skrubu uufanye mnene kuliko sehemu nyingine kwa kuongeza tabaka za nyuzi, kwa sababu faiba nyembamba hupasuka kuzunguka tundu la skrubu kabla ya kupasuka mahali pengine popote. Toboa tundu kubwa kidogo kuliko skrubu, weka washa pana, na uweke mpira mwembamba kati ya faiba na chuma, kwani gari hujipinda likipita kwenye mashimo na faiba haijipindi kwa kiasi kilekile. Usizibe kiungo kwa puti. Puti itapasuka ndani ya mwezi, nawe utalaumiwa kwa rangi mbaya wakati kosa halikuwa la rangi. Na ukimaliza, kabla hujaipeleka kwa mchora rangi, iendeshe wiki moja ikiwa bado na faiba tupu, halafu ulale chini yake na tochi utafute alama ya tairi iliyogusa.